Mapafu Yaliyotoka Maandishi

Usinikunjie uso kabla sijaanza. Wewe ulikuwa kwako, mi nilikuwa pale hospitalini.

Mume wangu alichimba kwenye mgodi wa Mutoshi miaka mingi, sasa anakohoa. Daktari mgeni alisema bila picha ya mapafu hampi dawa, na mchana huo alikuwa anarudi Lubumbashi. Picha ikapigwa, mashini ikaituma ofisini. Karani akaifungua: herufi na namba zisizosomeka, kurasa kumi na mbili. Akazichapa zote, akapiga kashe, ule mhuri wa hospitali, kwenye kila ukurasa.

"Mama, mapafu ya tata, mume wako, njo haya."

"Mapafu yanaandikwa?"

"Mashini inasema ni maandishi. Mi ni nani niibishie?"

Nikakataa kutoka mpaka fundi wa mashini akaitwa. Alitazama, akajikuna kichwa.

"Kosa ni langu, mama. Kila jibu la mashini linatumwa na lebo yake: hii picha, hii maandishi. Mi niliweka maandishi kwa yote."

Akabadilisha neno moja, akatuma tena. Mbavu za mzee wangu zikatokea, nyeupe, hakuna iliyokosa.

Karani akaishika ile picha kwa ncha za vidole. "Lakini mama, zile nimekwisha kuzipiga kashe!"

Usiicheke mashini. Iliamini lebo kwa sababu haina macho. Karani huyu anayo mawili, na miwani juu.

"Baki nazo, tata," nikamwambia. "Utazisoma siku utakapokohoa."

Kwa dirisha nikaona daktari bado anafunga sanduku lake. Nikabeba picha, nikatoka kumkimbilia, nikabamiza mlango.