Jembe na Fisi kwenye Gurudumu la Mnadani

Kabla ya uchaguzi mmoja, ofisi ya wilaya ilinituma kijijini kwetu Mitundu kufundisha upigaji kura. Wengi hawakujua kusoma, hivyo kila mgombea alipewa picha: mmoja jembe, mwingine nyumba. Nilieleza kwa haki, nikayapima maneno yangu nisije nikaonekana kupendelea. Hata hivyo wakulima walipoliona jembe walitabasamu kana kwamba wameona ndugu.

Siku ya mnada nilimkuta mgeni mmoja na gurudumu la mbao lililochorwa jembe, nyumba, jogoo na fisi. Mtu aliweka dau kwenye picha. Gurudumu likisimama hapo, alirudishiwa dau lake na kupewa kitambaa. Umati wote ulikuwa kwenye jembe. Fisi hakuguswa, kwa kuwa kwetu ni mnyama wa wachawi. Nilipotazama vizuri nilichukizwa. Jembe lilichorwa kubwa, jekundu, lakini sehemu yake ilikuwa nyembamba. Fisi alikuwa mdogo, amejikunyata katika sehemu iliyokaribia nusu ya gurudumu.

Ndipo mjomba wangu akasogea na beberu. Alikuwa amemleta kumuuza ili amnunulie binti yake sare, maana bila sare asingepokelewa shuleni. Sasa alitaka kitambaa, na beberu arudi naye. Nikampa shikamoo, nikamvuta kando, nikamwonyesha hila yote. Nilimsihi akamuuze mnyama. Na kama hawezi kujizuia, basi aweke kwa fisi.

"Mtoto avae kitambaa cha fisi?" akasema. "Mpwa wangu, si wewe uliyetuonyesha jembe?"

"Niliwaonyesha na nyumba, mjomba."

"Nyumba ninayo."

Watu wakacheka, naye akamweka beberu kwa jembe. Gurudumu likazunguka, likampita fisi taratibu mno, likasimama kwenye jembe.

Mwenye gurudumu alishangilia kuliko mjomba, nami nilielewa sababu. Mara kuku, mayai na vibuyu vya asali vikamiminika kwenye jembe, na fisi akavila mchana kutwa. Nilimwendea mlinzi wa mnada akomeshe wizi ule. Akaniomba nisubiri kidogo, kwani jogoo wake aliyemweka kwa jembe alikuwa bado yumo mchezoni.

Mjomba aliondoka na beberu, kitambaa begani, akimweleza kila aliyekutana naye kwamba siri ya jembe alifundishwa na mpwa wake, mtu wa serikali. Sikumfundisha. Binti alianza shule na sare mpya, jambo ninalolifurahia. Lakini hilo la kumfundisha nalikanusha mpaka leo.