Pua Mbili za Mtawala

Maisha yake yote ya utu uzima Lampert aliugonga uso wa mtawala kwa nyundo, na mtawala hakuwahi kumkasirikia. Ndiyo kazi ya mgongaji katika karakana ya sarafu pale Silberau. Jobst, kaka wa mkewe, huweka kisahani cha fedha juu ya muhuri wa chini, hushikilia muhuri wa juu, naye Lampert hushusha nyundo. Pigo moja, sarafu moja ya tala: huku ndevu za mtawala, huku simba wa ukoo wake.

Alikuwa na mikono minene na moyo mwepesi. Harusini hulia kabla ya mama wa bibi harusi.

Asubuhi moja ya baridi kali, muhuri uliruka kidogo na tala ikatoka na pua mbili.

“Shemeji, umempa mtawala mafua ya watu wawili,” alisema Jobst, akaitupa kwenye chungu cha kuyeyushia.

Wakacheka. Tala iliyofuata ilitoka na damu. Nyundo ilikuwa imekikwaruza kidole gumba cha Jobst.

Msimamizi, Bwana Ortwin, alifika mbio. “Nani kakosea?”

“Mimi, bwana,” Jobst alidakia, kidole mdomoni. “Nilikuwa nawaza soseji.”

“Mshikaji anayewaza soseji hana kazi hapa. Chukua koti lako.”

Jobst akalifuata koti. Lampert akamtazama mgongoni, akaiweka nyundo chini polepole, kama mtu anayemlaza mtoto.

“Kosa ni langu, bwana. Tangu majani yalipopukutika naona mihuri miwili. Nagonga ule wa kushoto.”

“Nyamaza, we mzee!” Jobst alifoka.

“Na leo?” aliuliza Ortwin.

“Leo wa kushoto haukuwa wenyewe.”

Ortwin aliiokota nyundo bila ukali. Jobst akabaki, Lampert akapelekwa nyuma, kwenye masufuria ambamo visahani huchemshwa na mashapo ya mvinyo hadi ving'ae.

Jobst alimfuata kule kwenye mvuke, amevimba kwa hasira.

“Mjinga wee! Ningepata kibarua machimboni.”

“Kwa kidole hicho? Lete hapa.”

Lampert akatoa kitambaa chake, akafunga kwa utulivu, akakaza fundo.

“Shemeji, umefunga kidole kisichoumia.”

“Basi kipe pole hicho pia.”

Jobst alikiacha hivyo hivyo mpaka jioni.