Zamu ya Maji ya Mzee Sefania

Siku yangu ya kwanza katika makao ya wazee, nje kidogo ya mji wa Same, Matroni alinipokea kwa beseni, kitambaa na onyo. Nilikuwa mjane wa miaka hamsini na nane, nimefunga kibanda changu cha ushonaji kwa sababu ya macho. Kujitolea nilikuchukulia kama kwenda kumtazama mgonjwa: unakaa, unaongea, unaondoka.

"Mama Nakijwa, unajua kumgeuza mtu?"

"Nimemuuguza mama mkwe miaka miwili."

"Sikukuuliza hilo. Hapa asiyeweza kuamka anageuzwa kila baada ya saa mbili, ubavu huu, kisha ule. Ukisahau anapata kidonda cha kulalia. Kinaanza kama alama ndogo, kinaishia mfupani."

Akanifundisha kuhesabu vichwa: asubuhi, mchana na jioni unapita ukiwaona wazee kwa macho yako, si kwa kuulizia. Akanionyesha daftari la makabidhiano, ambamo anayetoka zamu humwandikia anayeingia nani hakula, nani ameharisha, nani ana jambo linalomsumbua kichwani. Mwisho akaja kwa waliosahau. "Usibishane nao. Bibi akikuuliza mumewe yuko wapi, na mume alishakufa, usimpe msiba upya kila siku. Mjibu, kisha mgeuze mawazo. Mpe chai. Mpe maharage achambue."

Nilianzia bweni la wanawake. Mwaka wa pili nikapelekwa jikoni, chini ya Mpishi Mkuu, aliyeonja uji wa kila mzee asiye na meno kuhakikisha hauna hata chembe ya kumpalia. Mwaka wa tatu nikahamia bweni la wanaume, chini ya Msimamizi wa makao, askari magereza mstaafu. "Hapa mtu hapotei," alipenda kusema. "Nimelinda watu wenye mbio zao, itakuwa hawa wa mikongojo?"

Huko ndiko nilikomkuta Mzee Sefania. Alitoka Mhezi, kule juu milimani, na maisha yake yote alikuwa mgawa maji wa ndiva. Kwa wasiotoka Upareni, ndiva ni bwawa dogo la udongo na mawe. Maji ya kijito hujikusanya humo, kisha huzibuliwa yashuke kwa mifereji hadi mashambani, kila mkulima kwa zamu yake. Mgawa maji ndiye anayezijua zamu zote. Akikosea, majirani wanashikana mashati.

Kichwa chake kilikuwa kimebaki kule. Kila siku, baada ya uji, nikishamwamkia, swali lilikuwa moja.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mwanangu. Leo zamu ya nani?"

Mwenzangu mmoja, mtu wa pwani, alikuwa akimjibu tu, "Kesho, babu," na mzee haridhiki. Mimi nimelelewa Chome, nimecheza kwenye mifereji ile. Nilimjibu kama mtu wa kwao: "Leo ni ya watu wa juu, Baba. Yako ni Alhamisi, jua likishavuka utosi, maji yakishafika mfereji wa chini." Uso wake ulilegea, akachukua ungo wa maharage. Matroni alinisikia akacheka: "Wewe ulizaliwa kwa kazi hii."

Nililitoa jibu hilo wiki nyingi. Sikuliandika kwenye daftari, maana niliona ni maneno tu. Sikujua kwamba mtu anayesahau kila kitu anaweza kushika kitu kimoja, ukikirudia vya kutosha.

Alhamisi moja akina mama wa kanisa walikuja na nyimbo, ndizi na sabuni. Geti likaachwa wazi kwa ajili ya gari lao. Walipoondoka, saa nane mchana, nilihesabu vichwa. Kumi na tisa. Nikarudia. Kumi na tisa, na walitakiwa kuwa ishirini. Chini ya kitanda cha Mzee Sefania kandambili zake zilikuwa zimepangwa vizuri. Nyuma ya jiko, jembe la bustani halikuwepo.

Nilijua papo hapo. Hakuna anayeingia kwenye mfereji na kandambili.

Msimamizi alikuwa ameshaanza kufoka. "Stendi! Kila siku anaimba Mhezi, atakuwa anatafuta gari!" Akarukia bodaboda. Nami nilisimama na kandambili mkononi, nikanyamaza. Jua la Same saa nane humlaza hata kijana, na upande wa korongoni wachungaji walikuwa wameona tembo waliovuka kutoka hifadhini. Akifa, atakuwa amekufa kwa neno langu. Hilo ndilo lililonifunga mdomo, na nalisema wazi kwa sababu wengine mtafika mahali hapo. Nilinyamaza kwa muda wote ambao bodaboda ilikwenda stendi na kurudi bila mtu.

"Matroni," nikasema. "Hajaenda stendi. Mimi nilimpa zamu."

"Zamu gani?"

"Ya maji. Leo mchana."

"Uliandika wapi?"

Nikaonyesha korongo, lililokauka tangu mvua zilipokatika, likipanda kuelekea mlimani.

Tulikuta nyayo za miguu mitupu mchangani, kando yake mburuzo wa jembe. Mbele kidogo tukakuta kinyesi cha tembo, bado kina unyevu. Msimamizi, aliyekuwa akiita jina la mzee kwa sauti ya gwaride, akaacha kuita. Tuliendelea kimya, tukisikiliza vijiti vikivunjika chini ya miguu yetu wenyewe.

Alikuwa kwenye kona ya mawe, amepiga magoti mbele ya shimo alilochimba. Midomo imepasuka. Hakuwa na jasho tena. Aliniona mimi kwanza.

"Mwanangu, maji yangu nani kayafunga?"

Nilimtoa jembe mkononi, nikamvuta kivulini.

Hospitali walimwekea dripu, akapona. Aliporudi hakuniuliza tena zamu. Aliwauliza wengine, na nikikaribia alinyamaza. Matroni hakunifukuza. Alinitaka niandike daftarini kwa mkono wangu: Mzee Sefania ameambiwa zamu yake ni Alhamisi. Alhamisi asiachwe peke yake. Alhamisi zote alizobakiza nilikaa naye karibu na geti, tukiitazama milima.

Magoti yaliponistaafisha, nilimkabidhi daftari aliyekuja baada yangu. Nilimwachia agizo moja: andika kila unachomjibu mzee, hata kama ni cha kumtuliza tu.

Sasa ninaishi kwa binti yangu, Nakijwa. Juzi nilimuuliza lini tutapanda Chome kuliona shamba la baba yangu. "Jumamosi, Mama," akasema kwa upole, nikafurahi. Jana nilifungua daftari langu, maana mazoea ya kuandika hayajaniacha, nikakuta: Nakijwa amesema Jumamosi. Neno hilo limeandikwa mara nne, katika kurasa nne, mwandiko ni wangu. Sikumbuki kuandika hata moja.

Asubuhi hii nimemuuliza tena, makusudi, nikimtazama usoni.

"Jumamosi, Mama."

Kisha akanisogezea ungo wa maharage.