Rubani wa Chombo cha Tatu

Kalangalala, mjini Geita, miaka ile ya tisini kulikuwa na banda la video la mabati matupu, mabenchi ya mbao na televisheni moja iliyofungiwa ndani ya sanduku la chuma kama mahabusu. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mgeni pale, mzaliwa wa Mhunze, Kishapu, na Jumapili mchana baada ya kanisa sikuwa na mahali pengine pa kuupeleka ulimi wangu. Wengine walikwenda kuangalia. Mimi nilikwenda kubisha.

Tulibishania mfululizo wa chombo cha angani. Ulianza kutengenezwa huko kwa Wazungu kabla sijazaliwa, ukawa unakufa na kufufuka, na kila ukifufuka ulikuja na chombo kipya na nahodha mpya. Sisi tuliviita kwa namba: Chombo cha Kwanza, cha Pili, cha Tatu. Kanda zilitoka kwa mfanyabiashara mmoja wa Kihindi pale Shinyanga mjini, ambaye kaka yake alizirekodi ng'ambo na kumtumia. Familia yake ikishazichoka, zilikuja Geita kwa kukodishwa, kisha zikarudi kwake.

Mimi nilikuwa wa Kwanza. Nahodha wake alikuwa mtu wa vitendo: anashuka kwenye sayari, anapigana, anaondoka, na saa moja haijaisha. Mpinzani wangu alikuwa fundi redio, mtu mpole mno, aliyetunza deki na jenereta la banda. Yeye alikuwa wa Tatu. Alisema nyota za Chombo cha Kwanza zilikuwa balbu za tochi nyuma ya kitambaa, na lile dude la magamba lililotutisha lilikuwa na zipu mgongoni, ameiona kwa macho yake. Kweli zipu ilikuwepo. Nikamjibu kwamba afadhali zipu kuliko hotuba. Watu walicheka, na yeye akacheka nao, jambo lililoniudhi zaidi.

Hoja yangu kubwa dhidi ya cha Tatu ilikuwa rubani. Kwenye kanda ya kwanza rubani kijana anafukiwa na mwamba katika sayari fulani. Tangu hapo, kanda baada ya kanda, wenzake wanamchimba. Wakutane na viumbe gani, wapatwe na nini, wakikaa mezani mazungumzo ni yale yale: wamefika wapi na uchimbaji, leo amegonga mara ngapi. Rubani mwingine alikuwa ameshakaa kwenye kiti chake, lakini tuliambiwa huyo ni kaimu tu. Kanda ya kumi na moja, bado wanachimba. Nilisema mtunzi wa namna hiyo angekuwa mwanafunzi wangu ningemrudishia daftari bila kusahihisha. Fundi alisema hivyo ndivyo watu wanavyofanya mwenzao akifukiwa, na kama mimi sioni uzuri wake basi tatizo si la kanda.

Habari hizo tulizipata kwa mkalimani. Sauti ya televisheni ilipunguzwa, na hata isingepunguzwa jenereta lisingekuacha usikie. Yeye alisimama pembeni na kipaza sauti akitueleza kwa Kiswahili nani kasema nini. Zamani alikuwa mchimbaji, mpaka vumbi la mawe likamharibia kifua. Mdogo wake alifukiwa duarani, yaani kwenye shimo la wachimbaji wadogo, na hakutolewa. Hilo nililijua, kila mtu alilijua. Kwenye maduara aliyefukiwa hugonga jiwe mara tatu, na walio juu humjibu mara tatu, ajue kuwa hawajamwacha. Mkalimani akifika kwa rubani aligonga bati la ukuta kwa kifundo cha kidole, mara tatu, na banda zima, wanaume na ndevu zao, waligonga mabenchi kumjibu.

Mama yake alikaa benchi la mbele. Kiswahili chake kilikuwa cha kuombea maji tu, hivyo mwanawe alimrudia maneno ya muhimu kwa Kisukuma. Hakuwa na habari na nahodha wala nyota. Kanda ikiisha aliuliza swali moja, kama wamemfikia, na mkalimani alimjibu, "Bado kidogo, mayu." Basi mama wa watu alijifunga khanga yake akaenda zake. Kila Jumapili nilimwamkia, naye aliupokea mkono wangu kwa mikono yake miwili. Naliandika hili ili ieleweke kwamba sikumchukia. Nilimchukia rubani.

Likizo ya katikati ya mwaka nilipita Shinyanga nikielekea nyumbani, nikamtafuta yule mfanyabiashara. Nilitaka kuziona kanda za mbele kabla ya wenzangu, nirudi na silaha. Mkewe alinikaribisha sebuleni, akaniletea chai na chevda, akaniwekea Chombo cha Tatu kuanzia mwanzo. Nyumba ilikuwa kimya na sauti ilikuwa juu, na Kiingereza changu kilikuwa kinatosha.

Rubani alikufa. Mwamba ulianguka, nahodha akaangalia chini kidogo, akasema kwamba safari lazima iendelee, na chombo kikaondoka. Kanda ya pili yupo rubani mwingine na hakuna hata mmoja anayemtaja yule wa kwanza. Niliweka ya tano, nikaweka ya tisa. Hakuna aliyechimba. Hakuna aliyegonga. Mama mwenye nyumba aliniuliza nacheka nini. Furaha niliyokuwa nayo kwenye basi siku ile sijawahi kuipata kwa jambo lolote la heri.

Jumapili ya kwanza baada ya likizo nilisubiri mpaka mwisho. Mkalimani aligonga bati, watu wakagonga mabenchi, kanda ikaisha na fundi akatoka kuzima jenereta. Katika ule ukimya mama aliuliza swali lake. Kabla hajajibiwa nikasimama. Nilisema kwa sauti ya darasani kwamba nimeziona kanda zote Shinyanga, rubani alikufa siku ile ile ya kwanza, na wote waliokuwa wanakitetea Chombo cha Tatu mbele yangu walikuwa wanatetea maneno ya mkalimani.

Hakuna aliyecheka. Nilidhani hawajanielewa.

Mama alimgeukia mwanawe kuuliza mwalimu kasema nini. Mkalimani aliniangalia mimi wakati anamjibu, kwa Kisukuma, kwamba mwalimu ametoka safari, anasema wamekaribia sana.

Hapo ningeweza kukaa. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini sikukaa, na jibu ni dogo na la aibu: alikuwa ananitafsiri vibaya, mbele za watu, na mimi ni Msukuma wa Kishapu. Sikubali kusahihishwa na kosa. Nikamwambia mama mwenyewe, kwa lugha yake, pole pole kama ninavyofundisha darasa la kwanza, kwamba yule kijana alikufa na wenzake waliondoka.

Mama akauliza, "Kwa hiyo walichimba, wakaacha?"

"Hawakuanza, mayu," nikamjibu. "Hawakuchimba hata siku moja."

Hakulia. Alimgeuza uso mwanawe kwa mkono, kama mtu anayemkagua mtoto jicho, akamtazama muda mrefu. Mkalimani akainamisha kichwa. Mama akainuka akatoka, na safari hii khanga aliisahau kwenye benchi.

Fundi alinikuta nje. Hakupandisha sauti. Aliniambia kwamba Kiingereza anakijua, vitabu vya deki anasomea nini, na kwamba humo bandani karibu wote walijua rubani amekufa. Akaniambia na lile ambalo mgeni hakuambiwa: duara lilipoanguka, mdogo wake mkalimani aligonga mpaka siku ya pili. Mwenye duara akaogopa mashimo ya jirani nayo yasije yakaporomoka, akaamuru lifukiwe, na kaka mtu alikuwa miongoni mwa walioshika koleo. Nyumbani alimwambia mama yake kwamba walichimba wiki nzima, mpaka kugonga kulipokoma.

"Sasa mwalimu umeshinda," akasema, na akaingia kukunja waya.

Mama hakuja tena. Jumapili iliyofuata mkalimani alikuja, akaongeza sauti ya televisheni mpaka mwisho, akakaa benchi la mbele mahali pa mama yake, na kipaza sauti kikabaki juu ya sanduku. Watu waliangalia midomo ya Wazungu ikicheza. Mmoja akanigeukia, akaniomba kwa adabu, kwa kuwa mimi ndiye ninayejua, niwasaidie.

Nikasimama, sikio karibu na sanduku, nikatafsiri. Nilitafsiri kila neno kama lilivyo, sikuongeza wala sikupunguza, na wao walitoka mmoja mmoja. Kanda ilipoisha tulikuwa tumebaki wawili: mimi, na fundi aliyekuwa ananisubiri ili azime jenereta.