Mtu Hanenepi Mkono Mmoja

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika hospitalini nikiwa na cheti ndani ya bahasha, viatu vipya vinavyobana na baibui lililopigwa pasi mara mbili. Mganga Mfawidhi, yaani daktari anayeongoza hospitali nzima, alikisoma cheti changu, akakigeuza nyuma kana kwamba maneno ya maana yangekuwa huko, kisha akaniuliza, "Kwa hiyo wewe ndiye mkandaji?" Nikamjibu kwamba mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia, tiba ya viungo kwa mazoezi na vifaa. Akasema sawa, chumba cha mkandaji kiko mwisho wa korido. Nilikikuta kimejaa magongo mabovu na vitanda vilivyokatika miguu. Wiki nzima nilihamisha vyuma badala ya kutibu watu, na hasira niliyoanza nayo siku ile nimestaafu nayo.

Mimi ni mzaliwa wa Kijenge. Babu alihamia Arusha kutoka Pangani na mkewe, akafungua duka, na nyumbani kwetu Kiswahili cha pwani kilibaki kinasemwa hadi wajukuu. Bibi alikuja na tende mguuni, ule uvimbe unaoletwa na mbu wa kule. Alitusimulia kwamba ulianza kama uchovu tu: jioni mguu unajaa, asubuhi umepungua, akaupuuza, hadi siku moja ukajaa na usipungue tena. Watu wakisema mdharau mwiba mguu huota tende, wengine husikia methali. Sisi tulikuwa na mguu wenyewe pale sebuleni, umewekwa juu ya kigoda.

Miaka ya mwanzo niliyofanya pale mjini niliwatibu watu wa migongo, viharusi na mafundi waliodondoka kwenye majukwaa ya ujenzi. Wanawake waliotibiwa saratani ya titi hawakuletwa kwangu, maana kila mtu aliona kazi imekwisha jeraha likishapona. Aliyenifumbua macho ni Mkuu wa Kitengo, mama mkavu wa maneno aliyetuongoza kwa miaka mingi. Alitufundisha kwamba mwilini kuna maji yanayoitwa limfu, yanayopita katika mishipa yake midogo na kuchujwa kwenye tezi. Tezi za mkono ziko kwapani. Daktari wa upasuaji akiziondoa ili kuifuata saratani, au mionzi ikizichoma, maji ya mkono hukosa njia. Ni sawasawa na mfereji wa shambani uliozibwa huku chini wakati huko juu watu wanaendelea kufungulia.

Kazi yetu ilikuwa kuukamata uvimbe huo ungali mchanga. Ukikamatwa mapema, unaweza kurudi nyuma au ukatulia. Ukiachwa, nyama huwa ngumu, ngozi hukakamaa, na kila mchubuko ni mlango wa vijidudu na homa. Tulipima mikono yote miwili kwa futi kamba ileile ya mafundi cherehani, penye kiganja, kifundo, chini ya kiwiko na juu yake. Futi isibane wala isilegee, na mahali pa kupima pawe palepale kila mara. Mkuu wa Kitengo alisisitiza mtu apimwe kabla ya kufanyiwa upasuaji.

"Ukimpima baadaye tu, unalinganisha na nini?" alikuwa akituuliza. "Mkulima wa hapa mkono wake wa kulia ni mnene tangu ujana. Huo si ugonjwa, ni jembe."

Maneno mepesi, lakini jaribuni kuyatekeleza, nyinyi vijana mnaoianza kazi hii. Niliomba wodi ya upasuaji wanitumie wagonjwa kabla. Wakaitikia kwa adabu zote na wakaendelea kunitumia baada. Nikabandika tangazo mlangoni, likafunikwa na tangazo la chanjo. Na sisi wenyewe tulikuwa tukiwaambia wanawake wasibebe chochote maisha yao yote, halafu tukaitwa semina tukaambiwa kumbe mazoezi yanayoongezwa polepole yanausaidia mkono. Nikalazimika kuwafuata wale niliowakataza ndoo ya maji na kuwaambia sasa waanze na kopo. Mmoja aliniuliza kama tunajua tunachofanya.

Baadaye nilihamishiwa hospitali moja ndogo mlimani, na huko ndiko nilikokutana na kikwazo ambacho hakuna kitabu kilichonionya. Kilikuwa neno. Nikimwuliza mama kama mkono umevimba, anasema hapana, kwa sababu kwake kuvimba ni kwa jipu au kuumwa na nyuki. Nikiuliza kama unauma, anasema hauumi, na ni kweli, uvimbe mchanga hauumi. Nikiuliza kama mkono ni mzito, mama mkwe aliyemsindikiza anadakia kwamba huyu siku hizi ni mzito kwa kila kazi. Ikabidi nijifunze kuuliza mambo ya nyumbani: pete inatoka? Mkono wa blauzi umeanza kukaza? Ukivua saa, alama inakaa? Kwa maswali hayo niliwakamata wengi kuliko kwa futi.

Na juu ya hayo yote kuna unene. Kwetu mtu akitoka kuugua, salamu anayoisubiri ni moja: umenenepa. Ndiyo taarifa ya kupona. Akina mama wanakuja na mtori wa ndizi na nyama, wanakuja na maziwa, na kila wakirudi wanamkagua mgonjwa kama ng'ombe wa mnada. Nani angekwenda kutafuta ugonjwa kwenye kiungo kinachonenepa?

Hivyo ndivyo alivyokuja Mama Upendo. Alikuwa mke wa mkulima wa kahawa na migomba, na ng'ombe wao wa zizini yeye ndiye aliyekuwa akiwakamua. Alikuwa ametolewa titi la kulia na tezi za kwapa katika hospitali kubwa ya rufaa, akapigwa mionzi. Kwa bahati kabla ya kupewa rufaa alipitia kwangu, kwa hiyo vipimo vyake vya mwanzo nilikuwa navyo. Alifuatana na mama mkwe wake, tuliyemwita Bibi Upendo. Mumewe alibaki getini juu ya pikipiki, maana alisema mambo ya matiti ni ya akina mama. Alibaki getini hapo kila kliniki, kwa miaka.

Nilimwuliza habari za mkono.

"Haujavimba, daktari," akasema. "Umenenepa."

Bibi Upendo akaniambia kwa fahari kwamba mkwe wake alirudi mifupa mitupu, na yeye ndiye aliyemlisha kwa mkono wake mwenyewe, mtori asubuhi na supu ya mbuzi jioni. Nikapima. Mkono wa kushoto ulikuwa mwembamba kuliko wakati wa mwanzo. Wa kulia ulikuwa umezidi, si sana, na nilipoubonyeza kidole changu kiliacha kishimo.

"Mwanangu," nikamwambia, "mtu hanenepi mkono mmoja."

Nikatoa bandeji za kuyabana maji. Kisha akaniomba kitu ambacho hadi leo nikikikumbuka napandwa na hasira, ingawa si kwake. Alipougua, majirani waliacha kula kwake, wakidhani saratani inaambukiza kwa sahani. Waliporudi kumwona na kumwambia amenenepa, wakaanza tena kunywa chai nyumbani mwake. Jumapili hiyo alikuwa na ibada ya shukrani kanisani, mbuzi ameshanunuliwa, na vitenge vya sare vimeshonwa. Fundi alishalegeza mkono wa kulia wa gauni lake bila kuuliza kitu.

"Ukinifunga bandeji leo," akasema, "Jumapili watasema imerudi. Nifunge baada ya shukrani. Au usinifunge kabisa."

Nilimpeleka kwanza kwa Mganga Mfawidhi wa pale, kwa sababu mkono uliojaa baada ya saratani lazima uchunguzwe isije ikawa kweli imerudi, au damu imeganda kwenye mshipa. Alimchunguza vizuri, wala sikumlaumu kwa hilo, na hakuona dalili ya kurudi. Lakini tofauti ya mikono ilikuwa haijafika sentimita mbili zilizoandikwa kwenye mwongozo wake, akaniambia tumpe muda.

"Tumemtoa kwenye saratani, Bi Zuhura, wewe unagombana na milimita?"

Nikamwambia huo mkono ndio anaorudi nao nyumbani, na saratani ndiyo anayotuachia sisi. Akacheka, akasaini karatasi ya bandeji. Kisha akanipa ushauri ambao nawapa na nyinyi, kwa kuwa ulikuwa sahihi: "Hapo mwenye uamuzi si mimi wala mgonjwa. Nenda kamwone mama mkwe."

Nikapanda mlima. Vijana mnaofanya kazi na simu mezani hamjui kile kilima. Nilifika kwa Bibi Upendo nikihema, magoti yananilaani, akanikaribisha chai ya maziwa kabla sijaweza kutamka neno. Nilimweleza habari ya tezi na maji. Alinisikiliza akiwa ameinama, mikono mapajani.

"Kwa hiyo nilikuwa nalisha ugonjwa," akasema.

Yule mama alikuwa amekeshea jiko kwa miezi. Nikamwambia hapana, mama, chakula chako kimemrudishia uso na nguvu, wote tumeona. Mkono umejaa maji tu kwa sababu mfereji wake umekatwa, na yakikaa yatauharibu. Akainua kichwa. Marehemu mumewe alikuwa mzee wa mfereji, yule anayegawa zamu za maji ya mashamba, na hapo nikaona nimeshaeleweka.

"Mfereji ukiziba," akasema, "mtu hangoji Jumapili ipite."

Alimwita mkwe wake kutoka zizini. Mama Upendo alilia, na alikuwa na haki ya kulia, maana sisi tulikuwa tukiuokoa mkono na yeye ndiye atakayesimama mbele ya watu. Nikaanza kumfunga huku Bibi Upendo akitazama kila mzunguko wa bandeji: unaanzia vidoleni unakuja juu, chini unakaza zaidi kidogo kuliko juu, na mtu asisikie ganzi. Jumapili ile nilikuwa benchi la nyuma na mtandio wangu, Mwislamu peke yangu. Mkwe alipoitwa mbele na mkono wake mweupe wa bandeji, minong'ono ilianza upande wa wanawake. Bibi Upendo akainuka bila kuitwa, akasimama naye, akawaambia haijarudi, ni maji, mimi ndiye ninayemfunga, na mwenye swali aje aniulize mimi. Hakuna aliyekwenda.

Tangu hapo alimfunga kila jioni. Soksi ya mkono, ule mfuko wa kubana unaovaliwa mchana, ilichelewa hadi nikachoka kupiga simu, na ilipofika ilikuwa kubwa, ikarudishwa. Mama Upendo aliendelea kukamua. Alivaa glavu akikata majani, akajifunza kukimbilia zahanati akichubuka na ngozi ikawa nyekundu. Siku moja Bibi Upendo alinipigia simu nikiwa na mgonjwa, akapiga kelele kwa furaha hadi mgonjwa akageuka: "Daktari, umekonda!" Katika mlima ule sijawahi kusikia neno hilo likisemwa kama habari njema, kabla yake wala baada yake.

Nilistaafu kwa keki na hotuba ambazo zilinisifu kwa upole, jambo linaloonyesha kwamba waandishi wake hawakunijua. Siku hizi ziko mashine zinazopitisha umeme mdogo mwilini na kukuambia maji yamezidi kabla futi haijaona kitu. Nazifurahia. Lakini nimepita kwa wenzenu nikawakuta bado wanangoja mgonjwa alalamike, bado wanauliza kama unauma, na mgonjwa bado anapelekwa kupimwa mkono ukiwa kama gogo. Mnanichosha. Mkono huu hautibiki ukaisha kama malaria. Unatunzwa kila siku na mtu aliye nyumbani, na kama hamkumjua mtu huyo ni nani, mmefanya nusu ya kazi.

Bibi Upendo alifariki mwaka jana baada ya kuugua kwa wiki kadhaa. Nilikwenda kuzika. Baada ya maziko nilimkuta Mama Upendo amekaa na wanawake, na macho yangu yakaenda pale yalikozoea kwenda. Mkono wa gauni jeusi ulikuwa umekaza. Nikamwinua, nikampeleka chumbani, nikaufunua. Ulikuwa umejaa hadi vidoleni.

"Tangu mama alale kitandani sijafungwa," akasema. "Kwa mkono mmoja siwezi kukaza. Nani atanifunga sasa?"

Nilianza kufoka, sijui namfokea nani. Bandeji zilikuwa mahali pake, zimefuliwa na kuviringishwa na mtu ambaye tulikuwa tumetoka kumfukia. Nilikuwa nimeshika ya kwanza mlango ulipofunguliwa. Alikuwa Baba Upendo, bado ameshika kofia yake. Aliutazama mkono wa mkewe kama mtu anayeuona kwa mara ya kwanza, na nadhani ilikuwa kweli.

"Shikamoo, mama," akaniambia. "Nifundishe mimi."

Udongo wa kaburi la mama yake ulikuwa bado umejaa kwenye kucha zake. Nikamwambia akanawe mikono kwanza.