Bibi Aliyenuka Kiatu

Bibi alikuwa mwanamke wa udongo mwenye ukubwa wa kiganja: tumbo limejaa, mapaja manene, uso hana, mikono hana. Mama mzaa mama alimwokota akichimba udongo wa vyungu huko kwetu, upande wa Kondoa. Hakuna aliyejua ni wa enzi gani. Tangu hapo, mwanamke aliyekuwa akiharibikiwa mimba alikuja nyumbani akapewa Bibi ampakate asubuhi nzima, huku Mama, aliyerithi kazi hiyo kwa mama yake, akimpaka Bibi mafuta ya nyonyo na kuzungumza na mgeni mambo ya kike. Uganga haukuwepo. Wengine walipata watoto, wengine hawakupata, na waliokosa nao waliendelea kuja kutusalimia.

Macho ya Mama yalipofunikwa na mtoto wa jicho, alinikabidhi Bibi mimi, wala si dada yangu mkubwa. Nilimweka kwangu Kikuyu, pale Dodoma, ndani ya sanduku la nguo. Sharti lilikuwa moja: asifunguliwe kwenye kitambaa chake ila mbele ya mwenye shida. Dada aliendelea na mapishi yake siku ile. Nikadhani hajali. Kwa kusoma watu, mimi sifuri kabisa.

Ikaja miaka ya ruksa. Maduka tuliyokuwa tukipanga foleni ya sabuni yakajaa redio na mitumba, na kila mtu akajiita mfanyabiashara. Dada aliacha udalali wa mahindi Kibaigwa, akafungua kibanda cha vinyago mjini. Wazungu waliotoka kutazama michoro ya mapangoni Kondoa walipita kwake, na mmoja akamwambia kuwa vinyago vya wanawake wenye matumbo ni miungu wa kike wa watu wa kale, vinatafutwa dunia nzima. Jioni ile ile dada alikuwa mlangoni kwangu, anahema.

"Mdogo wangu, niazime Bibi siku mbili tu. Mfinyanzi amtazame, amwige. Mimi nauza vya kuiga, Bibi mwenyewe anarudi sandukuni."

Nilipaswa kumuuliza Mama kwanza. Sikumuuliza. Huyu ni dada yangu, aliyenibeba mgongoni mpaka nikaota meno, ningemkataliaje?

Siku ya tatu alimrudisha. Kitambaa kile kile, fundo lile lile la Mama. Sikufungua. Ningefunguaje wakati hakuna mwenye shida aliyekuja? Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Hakuvunja kufuli wala kuruka ukuta; aliniibia kwa kutumia adabu yangu mwenyewe. Alijua sitachungulia.

Nilimtembelea kibandani mara kadhaa. Vibibi vya kuiga vilikuwa vimepangwa mezani, na yeye anavisugua kwa dawa ya viatu ili vionekane vya kale. Nilimtania kwamba miungu yake inang'aa kuliko viatu vya askari wa gwaride. Tulicheka wote wawili, mimi kwa moyo mweupe.

Zaidi ya mwaka ulipita bila mwanamke yeyote kugonga kwangu. Wa mjini walikuwa wakienda kliniki. Kisha Mama akaugua, akatuma ujumbe niende na Bibi. Alitaka kumshika kwa mara ya mwisho, halafu aseme ni nani atakayemtunza baada yetu. Tulisafiri pamoja, mimi na dada. Njia nzima alinimenyea machungwa.

"Shikamoo, Mama. Nimekuja naye."

"Marahaba, mwanangu. Nipe."

Alifungua fundo mwenyewe, taratibu. Akampapasa tumbo, akampapasa mgongo, kisha akamsogeza puani. Mikono yake ikatulia.

"Huyu ananuka kiatu."

Hapo ndipo nilipoelewa. "Mama, si mimi. Mimi nilimwazima dada tu, ndiye aliye..."

"Nilimkabidhi nani?"

"Mimi, Mama."

"Basi."

Nilimgeukia dada. Alikuwa amechutama kando ya kitanda, anakamua kitambaa cha kumfutia Mama jasho. Nilimsubiri aseme. Hata kama angeangua kilio tu, ingetosha, Mama angeelewa. Akasema, kwa sauti ya upole ambayo hata wateja wake hawajawahi kuisikia: "Msamehe, Mama. Maisha ya mjini ni magumu. Mdogo wangu alibanwa."

Damu ilinipanda kichwani. Nilimwita mwizi, nikamwita mnafiki, nikapiga kelele mpaka majirani wakajaa mlangoni. Na kadiri nilivyopiga kelele ndivyo nilivyozidi kufanana na mwenye hatia. Dada aliinamisha kichwa tu, mtoto mwema anayevumilia matusi mbele ya mgonjwa.

Mama alinyoosha mkono akitafuta wa kumshika. Nikaupokea. Alipovipapasa vidole vyangu akaujua mkono, akauachia.

"Wewe mkubwa, njoo unigeuze," alisema. "Huyu atoke, nipumzike."

Aliishi siku nne zaidi. Uji nilipika mimi, nikaupoza, nikaufikisha mlangoni. Dada aliupokea, akaingia nao, akamnywesha.