Suti ya Kumfaa Baba

Mkwe wangu alikuwa na nyumba ya matofali katika mtaa wa Kabondo, redio, picha ya mfalme wa Ubelgiji ukutani, na kadi. Kadi hiyo ilikuwa karatasi ya serikali iliyoshuhudia kwamba mwenye nayo amestaarabika. Watu wa namna yake waliitwa évolué, nao wakajiita hivyo wenyewe bila kucheka, jambo ambalo hadi leo linanishangaza. Alikula lituma kwa uma na kisu, ndizi zile zile za kupondwa ambazo mama yake mzazi alimlisha kwa mkono, na ukila naye kwa mkono alikuwa anakuhesabia vidole. Debe tupu haliachi kuvuma. Lakini binti alikuwa wake, na mimi nilimtaka binti.

Nilikuwa karani wa ghala bandarini. Nilitembea na kalamu mbili mfukoni, moja haina wino. Posa ilikwenda vizuri mpaka mzee alipouliza habari za baba yangu. Nikamwambia ni mvuvi wa maporomokoni, kama baba yake na babu yake. Akatua kikombe taratibu.

"Bon," akasema. "Weye unavaa muzuri, unasema Français muzuri. Lakini papa yako atakuja hapa na nini? Miye siwezi kuketi meza moja na mutu wa kapitula. Batu ya cercle batakuwa hapa. Donc, avae kostimu. Na kostimu ya kupimwa, haiko ile ya kutundikwa ku duka."

Cercle ilikuwa klabu yao, hao wenye kadi na wale waliokuwa wakiitamani kadi. Alinipa mpaka Jumapili ya kwanza baada ya Pasaka. Baba asipofika mezani amevaa suti, hakuna ndoa. Alilisema hilo kwa upole, kama daktari anayekuambia mguu utakatwa.

Sasa, baba hakuwa mtu wa kuvishwa chochote kilichotundikwa. Mitego ya kwetu ni vikapu vikubwa unavyoweza kuingia ukalala, vinavyofungwa kwa kamba za msituni kwenye miti iliyosimikwa katikati ya maji yenye hasira. Kwa miaka mingi baba alivuta vikapu hivyo kwa mkono wa kulia huku wa kushoto umeshika mti. Bega lake la kulia lilinenepa likashuka, shingo ikaegemea upande, kifua kikapanuka kama mlango wa ghala. Koti la dukani tulilojaribu kwa mfanyabiashara mmoja lilifunika vidole vya mkono mmoja na kupasuka kwapani kwa mwingine. Mwenye duka akataka tulinunue kwa kuwa tumelipasua. Tulitoka haraka.

Nikampeleka kwa fundi wa Kizungu, kwenye barabara kubwa karibu na posta. Sisi weusi tulihudumiwa kwa dirisha la ubavuni, uchochoroni, pale walipotolea takataka. Fundi hakutoka. Alimwambia baba asimame juani, ageuke, ainue mikono, ageuke tena. Kisha akafumba jicho moja, akanyoosha penseli mbele ya jingine, akampima baba kwa penseli hiyo kutoka ndani ya kivuli chake, huku akitaja hesabu kwa msaidizi. Futi ya kupimia ilikuwa shingoni mwake muda wote, haikuguswa. Na kwa kuwa dirisha lilimwonyesha baba kuanzia kiunoni kwenda juu tu, suruali aliikisia. Halafu akataja bei, zaidi ya mshahara wangu wa miezi mitatu, na nyongeza kidogo kwa ajili ya mgongo uliopinda.

"Ule mutu anaogopa miye, ao anaogopa jua?" baba aliuliza tulipokuwa njiani.

Nilikuwa nawaza jinsi ya kupata mshahara wa miezi mitatu.

Kwenye cité, mtaa wetu weusi, kulikuwa na fundi mwingine, mtu wetu, aliyejiita tailleur diplômé. Diploma yenyewe ilikuwa ukutani ndani ya kioo, na sikuwahi kumwona mtu aliyekaribia kuisoma. Hakuanza kwa kupima. Alileta kitabu cha picha za Wazungu wembamba wasio na mabega, akamwambia baba achague mmoja. Baba akazitazama picha kwa adabu, akarudisha kitabu. Fundi akazunguka nyuma yake, akatikisa kichwa, akaniambia mimi, kana kwamba baba ni ng'ombe wangu:

"Tutatia pamba huku ya kushoto, mingi, ya kulia tutakaza. Tutamusawazisha."

Nakiri kwamba nilikubali. Nilikuwa tayari baba yangu ajazwe pamba kama mto ili wenye kadi wasishituke. Ni yeye aliyekataa.

"Miye haiko mulango," alisema, akatoka.

Zilibaki wiki tatu. Hapo ndipo nilipokwenda nilikokuwa nimeapa sitakwenda, kwa fundi Mwislamu wa Maniema aliyeshona kwenye baraza la duka moja karibu na soko, kwa cherehani ya mkono, amevaa kanzu na kofia. Vijana wenye kalamu mfukoni tulimdharau mtu huyo. Tulisema anawashonea makuli na makatekista. Zaidi ya yote tulizicheka kamba zake. Hakutumia futi. Kila mteja alikuwa na uzi wake wa katani, umefungwa mafundo: fundo la shingo, fundo la bega, fundo la kiuno, fundo la mguu, na nyuzi hizo zilining'inia kwenye misumari nyuma yake, nyingi, kila moja na mwenyewe. Hakuwa ameandika jina hata moja. Alijua uzi wa nani ni upi kama mama anavyowajua watoto wake gizani.

Alimtazama baba kwa muda, akamsalimia kwa mikono miwili, akauliza kazi yake. Alipoambiwa, akasimama.

"Papa, vuta kikapo," alisema.

"Kikapo kiko wapi?"

"Vuta tu. Kama vile uko ku maji."

Baba akasita, akaona haya kidogo kwa sababu ya watu wa sokoni, kisha akashika nguzo ya baraza kwa mkono wa kushoto, akanyoosha wa kulia, akavuta. Akavuta kikapu kisichokuwapo, na mwili wake wote ukakaa mahali pake. Fundi akampima hapo hapo, amevuta, na alipomaliza akampima tena amesimama, akafunga mafundo mawili mawili. Bei yake ilikuwa ya kibinadamu. Kitambaa nilinunua mwenyewe, cha rangi ya majivu.

Baada ya siku kumi suti ilikuwa tayari, na hapa lazima niseme ukweli ingawa unaniuma: sijaona tena suti kama ile. Bega la kulia halikufichwa wala halikusawazishwa. Koti lilishuka pamoja nalo, kola ikafuata shingo, na ukimtazama baba ulidhani ni binadamu wengine wote walioumbwa wakiwa wamepinda upande. Baba aliinua mkono, akavuta hewa, koti halikulalamika. Akacheka. Alikuwa mtu wa kucheka mara chache.

Mtu mwenye akili angeishia hapo. Mimi nilikuwa karani.

Wale watu wa cercle walikuwa na desturi yao. Walipokutana hawakuishia kushikana mikono. Mmoja angelishika koti la mwenziwe kwa vidole viwili, akalifunua upande wa moyo, na kusoma kitambaa kidogo kilichoshonwa ndani chenye jina la duka. Brussels, Antwerp, Paris. Kama hakuna kitambaa, walitabasamu. Basi palitokea biashara ya haja. Maboyi waliofanya kazi kwa Wazungu walivikata vitambaa hivyo kutoka kwenye makoti ya zamani ya mabwana zao na kuviuza kwenye cité, na waliovinunua walikuwa ni hao hao waliostaarabika. Nikanunua kimoja. Kilikuwa cha hariri, jina la duka la Brussels kwa uzi wa dhahabu, na chini yake, kwa wino, jina la Mzungu aliyeshonewa koti hilo, kama walivyofanya mafundi wa kwao. Niliusugua wino kwa ndimu. Haukutoka. Nikajiambia hakuna atakayesoma mpaka huko chini.

Fundi wa Maniema alikataa kukishona.

"Ile mutu sikumupima," alisema. "Nilimupima papa yako." Kisha akanipa sindano na uzi, akainamia cherehani yake. "Mukataa kwao mutumwa. Shona weye mwenyewe."

Nikakishona mwenyewe, mbele ya macho yake, kwa mishono mibaya. Baba sikumwambia. Alikiona, akadhani ni pambo.

Jumapili ile ya baada ya Pasaka baba aliingia Kabondo kwa miguu, amevaa suti ya majivu, na watu walitoka kwenye nyua zao kumtazama. Mezani palikuwa na kuku, wali, divai ambayo wenye kadi tu waliruhusiwa kunywa, na wanaume wanne wa cercle wakitoa jasho ndani ya pamba zao. Baba alishika uma kama mtu aliyekabidhiwa mtoto wa jirani. Hakuna aliyemwambia neno mpaka mkwe wangu aliposimama, akamwendea, akalifunua koti lake kwa vidole viwili na kusoma kwa sauti ili wote wasikie. Alisoma jina la duka. Vichwa vikatikisika kwa heshima. Akaendelea, kwa mazoea ya mtu anayependa sauti yake akisoma Kifaransa, akasoma na jina la Mzungu.

Nilingoja anifukuze. Badala yake mzee alikohoa, akaliachia koti la baba, na katika joto lile akafunga vifungo vyote vya koti lake mwenyewe, mpaka juu.

"Alors," akasema, "ile famille iko famille ya heshima. Tunakubali."

Mke wangu alinieleza baadaye. Ndiye aliyekuwa akipiga brashi nguo za baba yake. Ndani ya koti la kanisani alilolivaa mzee siku ile mlikuwa na kitambaa cha hariri cha duka lile lile, chenye wino ule ule na jina la Mzungu yule yule. Mimi na mzee tulikuwa tumenunua kwa boyi yule yule. Nyani haoni kundule, lakini siku ile mzee aliliona la kwake waziwazi, akanipa binti ili nisije nikaliona na mimi. Hivyo ndivyo nilivyostahili kuoa.

Tuliporudi kuelekea maporomokoni baba alitangulia. Karibu na kwetu akasimama.

"Ule papa alisoma jina. Ilikuwa jina yangu?"

"Hapana, papa."

"Ya nani?"

"Ya muzungu moja."

Akalifunua koti, akakitazama kile kitambaa.

"Sasa pale ku meza," akasema, "balikuwa banaangalia miye, ao banaangalia ule muzungu?"

Ningeweza kumwambia mambo mengi. Ningeweza kumwambia kwamba njia nzima ya Kabondo ilimtazama yeye. Nilisema tu kwamba ndoa imekubaliwa. Akavua koti, akalikunja vizuri kama mtu anayerudisha kitu cha watu, akaniwekea mikononi, akaenda zake na shati.

Nilikikata kitambaa kile siku hiyo hiyo na kumpelekea koti. Hakulipokea. Nilimpelekea tena, na mara ya tatu nikamtuma mama. Siku ya harusi alikuja amevaa kapitula yake ya kaki, imefuliwa na kupigwa pasi, na shati jeupe, akiwa amebeba samaki wawili wakubwa aliowavua alfajiri. Mkwe wangu alimwamkia kwa mbali na kumwonyesha ua wa nyuma, kwa wanawake waliokuwa wakipika. Baba akaenda huko bila ubishi. Nilimwona kutoka meza ya mbele, mimi bwana harusi, na sikuinuka.

Baadaye alipita kati ya meza, sahani mkononi, akitafuta pa kukaa. Mtu mmoja wa cercle, ambaye hakuwapo siku ile ya kuku, akaniinamia na kuuliza:

"Ule muzee wa kapitula iko nani?"

"Iko muvuvi moja wa kwetu kule," nilisema.

Baba alikuwa hatua mbili nyuma ya kiti changu. Alisimama kidogo, kisha akaenda kuketi kwenye ngazi ya jikoni, akala chakula chake chote.